Tusiwafungie Vijana Mto, Tuwafundishe Maji

Wengi wenu mliiona ile picha. Iliingia katika kundi la WhatsApp la parokia Jumapili moja jioni mwezi wa Agosti, na kufikia Jumatatu asubuhi ilikuwa imewafikia hata watu wa parokia jirani. Waseminari watatu wamevaa helmeti nyekundu na majaketi ya kuelea, wamelowa chepechepe, wanacheka vinywa wazi, na nyuma yao maji meupe yanaporomoka juu ya mawe. Chini ya picha hiyo mzee mmoja wa jumuiya yetu aliandika swali fupi: hawa tuliwapeleka seminari kusoma au kuchezea mauti?

Sisi tunaoandika makala haya ni waseminari watano tuliokuwa mtoni siku hiyo. Watatu ndio hao mliowaona. Wa nne ndiye aliyepiga picha. Wa tano hayumo, na sababu ya kutokuwamo tutaieleza hapa chini, kwa kuwa ni jambo tulilolificha wakati ule na ambalo tuna deni la kulisema.

Tangu swali lile liulizwe, matembezi yote ya vijana yanayohusu maji yamesimamishwa hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Safari ya Desemba, ambayo vijana walikuwa wameanza kuichangia, sasa ni semina ya siku moja ukumbini. Hatuandiki ili kuwapinga walezi wetu wala wazee wa baraza. Tunaandika kwa sababu tunaona uamuzi huo umelifunga swali kabla halijajibiwa.

Tuanze na mahali penyewe, maana wengi waliokasirika walidhani tulikwenda kwenye maporomoko ya kutisha. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Nyeri, ukapita Thika na Makutano, unafika Sagana, mji mdogo ambao wasafiri wengi wanaujua kwa samaki. Mto unaopita hapo ndio sehemu ya juu ya Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na kabla hayajafika Bahari ya Hindi yanazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakija Sagana kupanda mitumbwi ya mpira na kayaki. Mto una sehemu za upole, na una sehemu ambazo hata mabingwa hushuka kwanza wakazikagua kwa miguu kabla ya kuzipita.

Sisi hatukuzigusa hizo. Tulipelekwa kwenye kijito kimojawapo kati ya vingi vinavyoteremka kutoka upande wa mlima na kuingia katika mto mkubwa. Upana wake ni kama barabara ambayo magari mawili yanaweza kupishana, na mwezi wa Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha, kina chake mahali pengi hakipiti magoti. Watu wa mchezo huu wana kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mto, kuanzia daraja la 1 hadi la 6. La 1 ni maji yanayotembea tu. La 6 ni maji ambayo karibu hakuna anayethubutu kuyapita. Kijito chetu mwelekezi alikiweka kati ya la 1 na la 2. Kilikuwa na mikondo ya kasi mifupi mifupi, na maporomoko manne madogo: matatu ya kimo cha goti, na la nne, lile la kwenye picha, lilifika kiunoni mwa mtu mzima.

Kayaki, kwa asiyeijua, ni chombo chembamba kirefu ambacho mtu hukaa akiwa amenyoosha miguu mbele, na huendeshwa kwa kafi lenye bapa huku na huku, unachota maji kulia, unachota kushoto. Zetu zilikuwa za plastiki, wazi juu, za watu wawili wawili. Mtu wa mbele anaona mawe, mtu wa nyuma anageuza chombo, na kwa robo saa ya kwanza kila mmoja anamlaumu mwenzake. (Tunawapendekezea walezi: kama mnataka kujua ni waseminari gani hawasikilizani, wapakieni kayaki moja.)

Mwelekezi wetu, kijana wa pale pale, alitufundisha kwanza kuyasoma maji. Hatukuwa tumejua kwamba yanasomeka. Mahali ambapo maji yanapita kati ya mawe mawili hufanya umbo la herufi V. Ncha ya V ikielekea chini, kule mto unakokwenda, hiyo ndiyo njia, pita katikati yake. Ncha ikielekea juu, kule unakotoka, basi pale kwenye ncha kuna jiwe limejificha. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji hujikunja na kurudi kinyume, yakatulia, na hapo chombo kinaweza kusimama kama kimeegeshwa, ukapumua, ukatazama mbele. Na kuna kanuni moja iliyotushangaza sote: chombo kikigongwa upande kwenye jiwe, usilikimbie jiwe. Liegemee. Mwili wote unataka kuinama upande wa pili, na ukifanya hivyo tu, maji yanaingia juu ya ukingo ule ulioinamia na kukupindua.

Baada ya saa moja tulikuwa tumeanza kuelewa. Mtu anaposhuka poromoko dogo la kwanza, chombo kinainamisha pua, tumbo linabaki juu, maji ya mlimani yaliyo baridi sana yanakupiga kifuani, halafu ghafla umetulia katika kidimbwi, mwenzako anapiga kelele nyuma yako na ndege wameruka kutoka kwenye miti yote miwili ya kando. Hatutajifanya kwamba tulikwenda kutafuta jambo zito. Tulikwenda kufurahi, na tulifurahi. Tena kwa saa nne nzima hakuna aliyegusa simu isipokuwa mpiga picha wetu, na zile nusu saa za maji tulivu katikati ya mikondo tulizungumza mambo ambayo hatujawahi kuzungumza katika miaka miwili ya kulala bweni moja. Katika kayaki ya wawili hamtazamani usoni. Mnatazama mbele. Maneno mengine yanatoka vizuri zaidi hivyo.

Waliotututetea katika kundi la WhatsApp walimtaja upesi Mtakatifu Yohane Paulo II, na hawakukosea. Karol Wojtyła, akiwa padre kijana aliyewalea wanafunzi wa vyuo huko Kraków, alianza safari za kayaki pamoja nao mwaka 1953 katika Mto Brda. Serikali ya kikomunisti haikuwaruhusu mapadre kuongoza makundi ya vijana, kwa hiyo alivaa nguo za kawaida, na vijana walimwita Wujek, yaani mjomba. Kayaki zao zilikuwa za watu wawili, na mwenzake wa mbele alikuwa akibadilishwa ili kila mmoja apate nafasi ya kuzungumza naye. Misa iliadhimishwa kando ya maji, kayaki iliyopinduliwa ikiwa altare na makafi mawili yaliyofungwa pamoja yakiwa msalaba. Mwaka 1958 alikuwa katika safari kama hiyo kwenye Mto Łyna alipoitwa Warszawa kwa Kardinali Wyszyński, akaambiwa kwamba Papa Pio XII amemteua kuwa askofu msaidizi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alikubali, kisha akarudi mtoni kwa wenzake.

Habari hiyo tunaipenda. Lakini hatutaki kumtumia mtakatifu kama ngao, kwa sababu moja ambayo watetezi wetu waliiruka. Wojtyła alikulia Wadowice, kando ya Mto Skawa, na tangu utotoni alikuwa mwogeleaji. Aliingia kwenye kayaki akiwa anayajua maji. Sisi watano, siku ile ya Agosti, ni wawili tu waliojua kuogelea. Ukituuliza ni kwa nini, jibu liko nyumbani kwetu, si seminarini.

Mama wa mmoja wetu alimpoteza kaka yake mtoni akiwa msichana wa miaka tisa. Walikuwa wametumwa maji pamoja. Tangu siku hiyo hajakaribia mto wowote kiasi cha kulowesha kiatu, na watoto wake wote aliwalea kwa sentensi moja: maji hayana rafiki. Hatumlaumu hata kidogo. Ila mtoto wake amefika miaka 23 bila kujua kuelea, na alipoanguka kutoka kwenye kayaki mara ya kwanza, akiwa na jaketi la kuelea na maji yakiwa ya kiunoni, alipapatika kama mtu anayekufa. Mwelekezi alimwambia kwa sauti ya kawaida, simama. Pale palikuwa kidimbwi kisicho na mkondo, kwa hiyo kusimama kulikuwa sawa. Akasimama. Akacheka mpaka akalia. Jioni ile alitwambia kwamba hofu aliyokuwa nayo haikuwa yake, alikuwa amerithi tu, kama mtu anavyorithi shamba lenye kesi.

Nyumba nyingi za parokia yetu ziko hivyo. Kila ukoo una mtu wake aliyechukuliwa na mto, na katika kila ukoo somo lililotokana na msiba huo ni kukaa mbali, basi. Hakuna aliyesema: na watoto waliobaki tuwafundishe kuogelea.

Sasa tuje kwa mtu wa tano.

Ni mwenzetu aliyezaliwa upande wa Ziwa Victoria, mwogeleaji kuliko sisi sote, aliyekuwa akituchekesha njia nzima kwa kuyaita maji yale supu. Asubuhi, kabla hatujaingia, mwelekezi alikuwa ametupa kanuni nyingi, na moja aliirudia mara tatu: ukianguka kwenye maji yanayokwenda, usisimame. Lala chali, miguu juu na mbele, acha maji yakubebe hadi yatulie, ndipo usimame. Tuliitikia kwa sauti moja kama darasa la kwanza.

Baada ya poromoko la tatu, kayaki yake iligusa jiwe, ikainama, akateremka. Maji yalikuwa ya magotini. Akafanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya: alisimama. Mguu wa kulia uliingia kati ya mawe mawili, na maji, ambayo kwa macho yalikuwa mapole, yakamsukuma mgongoni. Mguu umekwama, mwili unasukumwa mbele. Akainama, mikono ikakosa cha kushika, uso ukaanza kuingia majini, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwogeleaji hodari kuliko wote, katika maji ambayo mtoto wa darasa la pili angesimama ndani yake yakamfika tumboni. Kuogelea hakukumsaidia kitu, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuogelea.

Aliyemwokoa ni mwelekezi na kamba. Kamba ya uokoaji hukaa ndani ya mfuko mdogo. Unashika ncha moja, unarusha mfuko, kamba inajifungua yenyewe hewani. Aliirusha ikapita mbele ya kifua chake, akaidaka, mmoja wetu akashika ncha ya ng'ambo, na ile kamba iliyokazwa kati ya kingo mbili ikawa kama ukuta wa kuegemea. Kichwa kikabaki juu. Kisha mwelekezi akamfikia kwa kupitia nyuma ya jiwe, mahali ambapo maji ni tuli, akauvuta mguu kurudi nyuma, upande ule ule ulikoingilia, si mbele ambako maji yalikuwa yakiusukuma. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Kifundo kilivimba kama embe.

Nusu saa baadaye tulipita poromoko la nne, picha ikapigwa. Kicheko mlichokiona ni cha watu waliotoka kuogopa vibaya. Mwenzetu alikuwa juu ya ukingo, amekaa chini ya mti, mguu ndani ya maji baridi.

Tuliporudi, wazazi wake walipouliza kuhusu mguu, tuliwaambia aliteleza kwenye mawe. Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na jibu lote lilikuwa uongo. Mlezi wetu tulimwambia hivyo hivyo. Tulihofia marufuku, na marufuku ikaja vilevile, kwa sababu ya picha ya watu wanaocheka, huku sababu ya kweli ya kuwa na wasiwasi ikiwa imefichwa na sisi wenyewe. Mwenzetu ameturuhusu tuyaandike haya. Wazazi wake wameshaambiwa, na mlezi pia. Kama kuna adhabu, tunaisubiri.

Kwa hiyo tunamjibu mzee wetu hivi: ulikuwa na haki kuona hatari, ila haikuwa pale ulipoiona. Haikuwa kwenye maji meupe ya poromoko la nne, ambalo tulikuwa tumelikagua, tumesimamisha mtu mwenye kamba chini yake, na kulipita mmoja mmoja. Ilikuwa kwenye maji ya magotini ambayo hakuna aliyeyahesabu kuwa kitu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tumeuona huo mguu.

Turudi sasa kwenye marufuku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Hawa si watu wa kayaki. Ni watoto wanaoteka maji, wanafunzi wanaovuka mto kwenda shule, wavuvi, vijana wanaojitosa kwenye mashimo yaliyochimbwa mawe na kujaa mvua. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililowabeba wanakwaya wa Kikatoliki waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Baadhi yetu tuliimba katika ibada za kuwaombea. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa watu waliokuwa ndani ya basi kwenye mafuriko, na hatuwahukumu marehemu wala waliowabeba. Tunasema tu kwamba mto haukuwangoja waende kucheza. Walikuwa njiani kwenda harusini, na maji yakawakuta.

Ndiyo maana tunaona kuwaondoa vijana kwenye mto wenye mwelekezi hakuwaondoi kwenye maji. Nyuma ya uwanja wa parokia yetu kuna shimo la machimbo ambalo kila mvua za vuli hujaa, na kila Januari, joto likipanda, wavulana wa darasa la saba na la nane huoga humo. Hakuna jaketi, hakuna kamba, hakuna mtu mzima. Hakuna baraza lililowahi kukaa kulijadili shimo lile, na hakuna aliyepiga picha.

Tunasikia mara kwa mara kwamba ajali haina kinga. Husemwa mazikoni, na pale ina kazi yake ya kumfariji aliyefiwa. Ikisemwa kwenye kikao cha mipango ni uvivu. Kwa maji kinga zipo, na nyingi hazigharimu pesa nyingi.

Tunaomba kuogelea kuingie katika ratiba ya mwaka wa kwanza. Kuna shule ya bweni karibu nasi yenye bwawa ambalo Jumamosi alasiri halina mtu. Hatuombi tuwe mabingwa. Tunaomba kila mseminari na kila kijana wa parokia ajue kuelea chali kwa dakika chache bila kupapatika, na kujisogeza hadi ukingoni. Hilo mtu anaweza kujifunza kwa wiki chache. Asiyeweza bado, abaki ukingoni na kamba, na hiyo ni kazi ya heshima, sisi tumeona ilivyo.

Mtoni tusiende msimu wa mvua, hata kama wikendi yenyewe ni ya jua. Hili watu wa bondeni hulisahau: mvua inayokuuwa hukuiona, ilinyesha mlimani usiku. Maji yakibadilika rangi na kuwa ya chai ya maziwa, yakianza kuleta vijiti na majani, jiwe ulilokuwa umelipa alama likamezwa, toka, usingoje wenzako wapige kura. Tukague kwa miguu kila kona ambayo hatuoni mwisho wake. Mti ulioanguka ndani ya mkondo ni mbaya kuliko poromoko, kwa kuwa maji hupita kati ya matawi lakini mtu hapiti. Na vile vikuta vya zege vinavyojengwa kukinga maji ya kunyunyizia mashamba, ambavyo eneo lile la mpunga na mboga linavyo vingi, tusivishuke kamwe hata kikiwa cha kimo cha goti. Poromoko la mawe lina mianya ya kutokea. Kikuta kilichonyooka hugeuza maji chini yake kutoka ukingo hadi ukingo, na anayeingia huzungushwa pale pale. Kayaki inabebeka mabegani. Tubebe, tupite nchi kavu.

Mama mmoja muuguzi alituuliza pia kuhusu kichocho, na alikuwa sahihi kuuliza, kwa kuwa Mwea, jirani kabisa na Sagana, inajulikana kwa ugonjwa huo. Konokono wanaoueneza hupenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, penye majani, mifereji hasa. Mkondo wa kasi si makao yao, ila mtu akipumzika hupumzika kwenye maji tulivu. Basi tusikae humo, tujifute kwa taulo mara tunapotoka, na wiki kadhaa baadaye twende tukapimwe. Dawa ipo na inatibu.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulifikiria hadi binti mmoja wa kwaya alipotuuliza. Kwa nini safari ile ilikuwa ya wavulana peke yao? Tukaanza kueleza habari za magari na nafasi. Akatukatiza: ni nani kati yetu anayetumwa mtoni kila siku? Hatukuwa na jibu, na bado hatuna. Kama baraza litaruhusu masomo ya kuogelea, tunaomba yaanze na wasichana.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kumwona mzee aliyeuliza lile swali. Tulikwenda tukiwa tumejiandaa kwa mahojiano, tukapewa chai na ndizi za kuchemsha. Tulimweleza yote, pamoja na mguu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatuambia kwamba yeye alivuka mito ya Kirinyaga akiwa kijana miaka yote, akienda shule na kurudi, na hadi leo hajui kuogelea. Aliuliza, hiyo kamba mnayoisema ikoje?

Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani kwetu na fimbo yake. Tulikuwa tumeazima mfuko wa kamba kutoka kwa yule mwelekezi. Tukamweka mmoja wetu hatua kumi na tano mbele yake, amelala chali kwenye nyasi, miguu juu, akijifanya anabebwa na maji. Mzee alirusha mara ya kwanza, mfuko ukaangukia nyuma yake mwenyewe. Mara ya pili ukapita juu ya goli. Mara ya tatu kamba ilimwangukia mwenzetu kifuani, na wavulana waliokuwa wakingoja uwanja wao wa mpira wakapiga makofi.

Alikaa kwenye benchi akapumzika, akaugeuzageuza ule mfuko mikononi. Akasema swali letu atalifikisha kwenye kikao cha baraza mwezi ujao, na kwamba hataki tuandike jina lake popote. Halafu akauliza kama majaketi yale ya kuelea yanapatikana ya watu wanene.